Sura ya Saba: Kila Flashi na Kazi Yake

Sehemu kubwa ya sifa ya Arusha katika masoko ya dunia imejengwa na vitu vinavyotosha kwenye kiganja: tanzanite iliyokatwa, shanga zilizotungwa kwa mkono, hereni na pete. Tanzanite, iliyogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, wilayani Simanjiro, na kupewa jina hilo mwaka uliofuata na kampuni ya Tiffany ya New York, haijapatikana kwa kiwango cha biashara mahali pengine popote duniani, na kwa miongo mingi Arusha ilikuwa mji ambamo mkataji, dalali na mnunuzi wa jiwe hilo walikutana. Karati moja ya tanzanite, yaani gramu 0.2, ikikatwa kwa umbo la duara huwa na upana wa takriban milimita 6, na mnunuzi aliyeko Jaipur au Bangkok anaweza kuletewa picha ya jiwe siku nyingi kabla ya kulishika, hivyo kwamba mpiga picha ameingia katika biashara hiyo akiwa na dhamana isiyopungua ile ya mkataji.

Sura hii inahusu namna ya kuangaza vitu vidogo vya aina hiyo kwa flashi zaidi ya moja, na mfano wake mkuu ni tanzanite, kwa sababu ni vigumu kupata kitu kidogo kinachofichua makosa ya mwanga upesi kuliko jiwe lenye rangi zaidi ya moja ndani yake. Hoja inayoendelezwa ni kwamba flashi ya pili na ya tatu haziongezwi ili picha ipate mwanga mwingi. Huongezwa pale tu ambapo kitu kina jambo ambalo flashi ya kwanza imeshindwa kulionyesha, na flashi isiyo na jambo lake la kuonyesha huzimwa.

Flashi ni bomba dogo la kioo lililojazwa gesi ya zenoni, ambalo hupitishiwa umeme uliokusanywa kwenye kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji na kuiachia kwa mkupuo mmoja. Mhandisi Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani ndiye aliyeufanya mwanga wa aina hii uwe chombo cha kutegemewa katika upigaji picha kuanzia miaka ya 1930, na mojawapo ya picha zake zinazojulikana zaidi, ya mwaka 1957, ni ya kitu kidogo kabisa: tone la maziwa lililoanguka na kurusha matone mengine yakafanya umbo la taji. Alichokidhihirisha ni kwamba katika chumba chenye giza, muda wa picha hauamuliwi na kamera bali na flashi yenyewe. Flashi ya kawaida ya kubebeka, ikipunguzwa nguvu hadi sehemu ya 16 au ya 32 ya uwezo wake, huwaka kwa muda unaokaribia sehemu ya 10,000 ya sekunde au mfupi zaidi, na katika muda huo meza inayotikiswa na lori lililopita nje haipati nafasi ya kusogea.

Hilo ndilo linalokifanya chumba cha kupanga katika kata ya Sombetini kiwe studio inayofaa kabisa kwa kazi hii, ingawa kina dirisha moja, kuta zilizopakwa rangi ya bluu au kijani na taa ya sebuleni inayopenya chini ya mlango. Mpiga picha huweka kamera juu ya tripodi, huweka hisia ya kamera kwenye ISO 100, hufunga tundu la lenzi hadi f/11, huweka shata, yaani pazia linalofungua na kufunga mbele ya kihisi cha picha, kwenye sehemu ya 200 ya sekunde, kisha hupiga picha moja bila flashi yoyote. Picha hiyo inapaswa kutoka nyeusi kabisa. Ikiwa kuna kitu kinachoonekana, basi mwanga wa chumba unaingia kwenye picha, na dirisha halina budi kuzibwa au taa kuzimwa kabla ya hatua nyingine yoyote. Ukuta wa bluu nao hauachwi hivi hivi, kwa kuwa hata chumba kikiwa gizani utarudisha mwanga wa flashi ukiwa na rangi yake, na kwa sababu hiyo kitambaa cheusi hutandikwa pande zote za meza. Umeme ukikatika kazi haisimami, maana flashi za kubebeka nyingi hutumia betri nne za ukubwa wa AA, na zikitumika kwa nguvu ndogo betri hizo hudumu kwa mamia ya picha.

Udogo wa kitu huleta faida moja kubwa ambayo wanaoanza huchelewa kuiona. Ukubwa wa chanzo cha mwanga hauna maana mpaka ulinganishwe na kitu kinachoangazwa. Uso wa flashi wenye upana wa sentimita 7, ukiwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi, ni nukta tu, na kivuli chake huwa na ukingo mkali kama uliochongwa kwa kisu. Uso huohuo ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye jiwe la milimita 6 ni mpana mara zaidi ya kumi kuliko jiwe lenyewe, na mwanga wake hulizunguka na kulainisha vivuli. Karatasi nyembamba ya kuchorea ramani, ikisimamishwa kati ya flashi na jiwe, hukifanya chanzo kiwe kikubwa zaidi, kwa sababu sasa karatasi yote iliyoangazwa ndiyo inayotoa mwanga.

Faida hiyo ina gharama yake, nayo inatokana na kanuni ya mraba wa umbali: umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokifikia kitu hupungua mara nne. Kwa mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwenye taa, sentimita nne si kitu. Kwa jiwe lililo sentimita 10 kutoka kwenye flashi, kuisogeza flashi nyuma kwa sentimita nne hizohizo hupunguza mwanga kwa nusu, kiasi ambacho wapiga picha hukiita stopu moja. Rula kwa hiyo ni kifaa cha lazima kwenye meza hii, na mafundi makini huchora alama za chaki au kubandika vipande vya utepe ili kila flashi irudi pale pale ilipokuwa.

Flashi nyingi huhitaji njia ya kuwaka kwa pamoja, na zipo njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni visambaza ishara vya redio, kimoja juu ya kamera na vingine chini ya kila flashi. Ya pili, ambayo ni nafuu, ni jicho dogo lililojengwa ndani ya flashi nyingi, ambalo likiona flashi nyingine imewaka huiwasha yake papo hapo. Njia hii ya pili ina mtego mmoja unaowapotezea wanafunzi muda mwingi: flashi kuu ikiwa kwenye mfumo wa kujipimia mwanga yenyewe, hutoa mmweko mdogo wa majaribio kabla ya ule halisi, na zile nyingine huuitikia mmweko huo wa kwanza, zikawa zimekwisha kuwaka wakati shata inafunguka. Anayepiga picha huona flashi zote zikimulika kwa macho yake, lakini kwenye picha haoni kazi ya yoyote isipokuwa ile kuu. Dawa yake ni kuziweka zote kwenye mfumo wa mkono, ambapo nguvu ya kila moja huchaguliwa na mtu, na ndiyo sababu sura hii yote inachukulia kwamba flashi zinaendeshwa kwa mkono.

Sasa jiwe liwekwe mezani. Tanzanite iliyokatwa ina uso mpana wa juu ulio bapa, ambao wakataji huutazama kwanza, na chini yake nyuso ndogo nyingi zinazokutana kwenye ncha. Mwanga unaoingia kwa juu unatakiwa kugonga nyuso za chini, urudishwe ndani na utokee tena juu kwa mtazamaji, na urejeshaji huo hutegemea kile kinachoitwa pembe ya kikomo. Kwa tanzanite pembe hiyo ni takriban nyuzi 36, wakati kwa almasi ni takriban nyuzi 24, maana yake ni kwamba tanzanite huupoteza mwanga kwa urahisi zaidi kuliko almasi: miale inayogonga nyuso za chini karibu na wima hupenya na kutokea upande wa pili. Jiwe lililokatwa kwa kina kidogo mno huonyesha doa lililopauka katikati, ambalo mtu anaweza kusoma maandishi kupitia kwalo. Wafanyabiashara wa vito duniani huliita dirisha, nalo hupunguza bei.

Flashi ya kwanza huwekwa juu na nyuma kidogo ya jiwe, nyuma ya karatasi laini, huku kamera ikilitazama jiwe kutoka juu. Picha hupigwa kwa flashi hiyo peke yake na kutazamwa kwa makini katika ukubwa wake wote kwenye skrini, kwa sababu itaonyesha mambo mawili. Kwanza, huenda uso wa juu wa jiwe umegeuka kuwa bamba jeupe. Hiyo ni taswira ya karatasi ikirudishwa na uso uliong'arishwa, kwa kuwa mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyojia, na flashi iliyo ndani ya pembe hizo haina budi kusogezwa hata kwa sentimita mbili mpaka bamba lipotee na rangi ya ndani itokee. Pili, nusu ya nyuso ndogo zitakuwa zimewaka na nusu nyingine zitakuwa giza. Mwanafunzi huona giza hilo kuwa ni kasoro na hukimbilia kuongeza mwanga kila upande, na hapo ndipo picha nyingi za vito huharibika, kwani jiwe lililozungukwa na weupe mtupu halina cheusi cha kurudisha na huonekana kama kipande cha plastiki. Nyuso zilizo giza ndizo zinazozipa zile zilizowaka makali yake. Wapiga picha wazoefu hufika hata kuongeza weusi kwa makusudi, kwa kusimamisha vipande vya kadi nyeusi vya upana wa vidole viwili pembeni mwa jiwe.

Flashi ya pili ina kazi ya kutoa cheche, yaani nukta chache za mwanga mkali zinazomwambia mtazamaji kwamba jiwe limeng'arishwa vizuri. Haiwekewi karatasi, huzibwa uso kwa kadi nyeusi yenye tundu dogo, huteremshwa karibu na usawa wa meza, na nguvu yake huwa chini sana kuliko ya kwanza. Wakati wa kuitafutia mahali, flashi ya kwanza huzimwa ili kazi ya pili ionekane peke yake, na kanuni hii ya kuitazama kila taa ikiwa pekee ni muhimu kuliko kifaa chochote ambacho mpiga picha anaweza kununua, kwa sababu taa mbili zikiwashwa kwa pamoja tangu mwanzo hakuna anayeweza kujua ipi imeleta kasoro ipi.

Flashi ya tatu ni ya mandhari ya nyuma. Jiwe likikaa juu ya kipande cha plastiki nyeupe isiyopitisha taswira, flashi iliyo chini ya meza huweza kuifanya plastiki hiyo iwe nyeupe safi bila kivuli, na ukingo wa jiwe ukajitenga vizuri. Lakini flashi hii ya chini ndiyo inayohitaji uadilifu zaidi kuliko zote, maana mwanga wake hupita moja kwa moja kwenye dirisha la jiwe lililokatwa vibaya na kulifanya lionekane kama mng'ao. Mnunuzi hulipia mng'ao ambao haumo. Njia ya haki ni kuibana flashi hiyo kwa kadi iliyotobolewa, ili mwanga uzunguke jiwe bila kupita ndani yake, au kuiacha kabisa na kukubali mandhari ya kijivu.

Suala la rangi ni zito zaidi. Tanzanite ina sifa ya kuonyesha rangi tofauti kulingana na mwelekeo ambao mwanga unapita ndani yake, na fuwele nyingi ambazo hazijachomwa huwa na rangi tatu, mojawapo ikiwa ya kahawia. Jiwe likichomwa kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kahawia hutoweka kutokana na mabadiliko ya vanadi iliyo ndani yake, na hubaki bluu na urujuani. Mkataji huchagua rangi ipi itazame juu, na uchaguzi huo una bei, kwa sababu umbo la fuwele mara nyingi humlazimu anayetaka bluu kupoteza uzito mwingi kuliko anayeridhika na urujuani. Bluu kwa hiyo ni ghali, na kishawishi cha kuipata kwenye picha badala ya kwenye jiwe ni kikubwa.

Flashi hutoa mwanga unaokaribia kelvini 5,500, kipimo cha rangi ya mwanga kinachokaribiana na jua la mchana, nao huipendelea bluu. Balbu ya zamani ya waya, yenye kelvini 2,800 hivi, hulivuta jiwe hilohilo kwenye urujuani hadi wekundu. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo wengi hawalishuku: karatasi nyeupe ya ofisini, ile ya A4 inayouzwa kila duka la vifaa vya shule, hutiwa kemikali inayoipokea miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, na kuigeuza kuwa mwanga wa bluu ili karatasi ionekane nyeupe zaidi. Flashi ya zenoni hutoa miale hiyo. Anayetumia karatasi ya A4 kurudishia mwanga kwenye tanzanite anaweza kuwa analipaka jiwe bluu bila kukusudia, na kila flashi anayoielekeza kwenye karatasi huongeza kosa. Karatasi ya kuchorea ramani isiyotiwa kemikali hiyo, pamoja na kadi ya kijivu inayopigwa picha ya kwanza kabisa ili kompyuta ijue kijivu halisi kinavyoonekana chini ya flashi hizo, hulimaliza tatizo hili kwa gharama ndogo.

Shanga hudai mpango tofauti kabisa. Ushanga wa kioo ni mviringo unaong'aa, na kila flashi huacha nukta yake nyeupe juu ya kila punje, hivyo mkufu wa Kimasai wenye punje mia tano ukipigwa kwa flashi tatu huwa na nukta elfu moja na mia tano zinazoipigia kelele rangi. Hapa flashi moja yenye karatasi pana inatosha, na upande wa pili husimamishwa kadi nyeupe ya kurudisha mwanga. Ugumu huhamia kwenye umbali: mkufu wa sentimita 30 ulionyooshwa, flashi ikiwa sentimita 20 kutoka ncha yake moja, hupata kwenye ncha ya pili takriban moja ya sita tu ya mwanga. Flashi irudishwe nyuma hadi mita moja, na tofauti hiyo itapungua hadi chini ya nusu, jambo ambalo kadi nyeupe inaweza kulikamilisha.

Kwa vitu visivyong'aa, kama mifupa iliyogeuka mawe, taa huteremshwa chini ili mwanga ukwangue uso wa kitu, kama jua la jioni linavyofichua kila shimo la barabara ya vumbi. Wanasayansi wa visukuku wana desturi ya kuweka mwanga mkuu juu kushoto, kwa sababu jicho hutarajia mwanga kutoka juu, na taa ikitoka chini shimo huonekana kuwa kinundu. Kwenye taya kama lile la Peninj, lililopatikana karibu na Ziwa Natron mwaka 1964 na Kamoya Kimeu, kosa la namna hiyo lingemfanya msomaji asome vibaya umbo la meno, na flashi ya pili hapo hupewa robo tu ya nguvu ya kwanza ili vivuli vibaki vikisomeka bila kufutika.

Ukaribu pia hula mwanga na hula kina. Picha ikipigwa kwa uwiano wa 1:1, ambapo jiwe la milimita 6 huchukua milimita 6 kwenye kihisi, f/11 hufanya kazi kana kwamba ni f/22, na mwanga unaohitajika huwa mara nne. Wakati huohuo eneo lililo kali mbele hadi nyuma, kwa kamera yenye kihisi kikubwa, ni zaidi kidogo ya milimita moja. Kwa jiwe lenye kina cha milimita 4 hupigwa picha nyingi, kila moja ikilenga mbele kidogo ya iliyotangulia, kisha programu huunganisha sehemu zake kali. Kazi hii hufanikiwa tu ikiwa flashi zote zinatoa mwanga uleule kila mara, nazo zinapaswa kupewa sekunde chache za kujaza chaji kati ya picha moja na nyingine. Vumbi pia huwa ni adui katika ukuzaji huu, na kwa kuwa chembe moja iliyotua kati ya picha ya tano na ya sita huonekana katika zote zinazofuata, pumzi ya pampu ndogo ya mpira hutangulia kila mfululizo.

Simu janja, ambayo madalali wengi huitegemea, kwa kawaida haiwezi kuziongoza flashi hizi, kwa sababu kihisi chake husoma picha mstari kwa mstari na mmweko mfupi hushika sehemu tu ya mistari hiyo. Anayetumia simu anafaa kutumia taa ndogo za LED zinazowaka muda wote, akizipanga kwa utaratibu uleule wa moja baada ya nyingine, na akizichagua zile zenye ubora mzuri wa rangi.

Kabla ya picha kutumwa, jiwe hulinganishwa nayo kwenye mwanga wa dirisha. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hushauri dirisha linalotazama kaskazini, ambalo huko halipigwi na jua, lakini Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta na ushauri huo haufai mwaka mzima: mwezi Juni na Julai jua la mchana liko kaskazini, kwa hiyo dirisha linalofaa ni la kusini, na Desemba na Januari mambo hugeuka, dirisha la kaskazini likawa ndilo lenye kivuli. Picha ikipishana na jiwe lililoshikwa mbele ya dirisha hilo, mpiga picha hurudi mezani, huzima flashi zote, huwasha ya kwanza peke yake na kuendelea moja moja mpaka ile iliyoleta tofauti ijulikane.